Tarehe 22 Septemba: nyimbo, deni na matanga ya mbali



Kila asubuhi, kabla ya bei za soko, redio ya mtaa wetu husoma mambo yaliyotukia siku kama hiyo katika miaka iliyopita. Sisi tunasikiliza huku tukipuliza moto, tukiwavalisha watoto viatu, tukifunga mafungu ya sombe ya kupeleka sokoni. Siku nyingi habari hizo hupita tu: mfalme fulani alizaliwa, meli fulani ilizama. Lakini mwezi uliopita, tarehe 22 Septemba, tuliacha kupuliza moto tukasikiliza. Katika historia ya muziki siku hiyo imebeba mambo matatu, moja la Kinshasa, moja la Marekani na moja la Bruxelles. Mtangazaji aliyataja kwa kifupi. Yaliyobaki tuliyatafuta wenyewe, kwa wazee wanaokumbuka na kwa vijana wetu waliotusomea kwenye simu. Na tuliyatafuta kwa sababu juma lile kikundi chetu kilikuwa na neno gumu mezani.

Neno lililoletwa mbele yetu

Wenye muso wanajua masanduku yetu matatu. La kijani ni la akiba na mikopo. Jekundu ni la kusaidiana katika taabu: ugonjwa, kuzaa, kifo. La bluu ni la fedha zinazotoka nje. Kwa upande wa kifo, kanuni yetu ni fupi. Mwanachama akifiwa na mzazi, mume au mtoto, sanduku jekundu linampa fedha ya safari ya kwenda kuzika, na wawili kati yetu wanamsindikiza. Kanuni hiyo tuliiandika wakati njia zilikuwa wazi.

Katikati ya Septemba mwenzetu mmoja alipata habari kwa simu kwamba mama yake amefariki kijijini. Njia ya huko imefungwa na vita. Gari haliendi, pikipiki haiendi. Mama yake alizikwa na majirani. Yeye alibaki hapa mjini na kikwembe kimoja cha marehemu, kile alichopewa siku ya ndoa yake. Alikaa siku mbili bila kusema na mtu. Siku ya tatu alikuja mkutanoni kwa sababu ilikuwa zamu yake ya kuhesabu. Alihesabu fedha vizuri, akafunga sanduku, kisha akauliza: yule asiyeweza kwenda kuzika, sanduku linampa nini?

Kwa kanuni, halimpi kitu. Hakuna safari, basi hakuna fedha ya safari. Mama Prezida aliona tumeanza kusema wote pamoja, akaomba tulale juu ya neno hilo kwa juma moja. Ndani ya juma hilo ndipo ikaangukia tarehe 22.

Kinshasa, 1974

Tarehe 22 Septemba 1974, katika Stade du 20 Mai pale Kinshasa, uwanja ambao leo unaitwa Tata Raphaël, lilianza tamasha la siku tatu lililopewa jina Zaïre 74. Waliolipanga ni Hugh Masekela, mpiga tarumbeta wa Afrika Kusini, na rafiki yake Mmarekani Stewart Levine. Lilikusudiwa liende pamoja na pambano la ngumi la Muhammad Ali na George Foreman. Foreman akapasuka juu ya jicho katika mazoezi, pambano likasogezwa hadi tarehe 30 Oktoba. Muziki haukungoja. Walikuja James Brown, B.B. King, Bill Withers, na Fania All Stars wenye muziki wa Kikuba na Puerto Rico kutoka New York. Wenyeji walikuwa Franco na TPOK Jazz, Tabu Ley na Afrisa, na wengine.

Wababa wakisimulia habari hii, husimulia ngumi, kisha James Brown na jasho lake. Sisi tunataka kusimulia wanawake watatu waliosimama katika tamasha lile.

Wa kwanza ni Miriam Makeba wa Afrika Kusini. Maisha yake yalianza katika taabu ambayo wauza kasiksi wa mitaani kwetu wataielewa. Mama yake alikuwa akitengeneza pombe nyumbani na kuiuza ili apate chakula, jambo ambalo sheria ya wazungu iliwakataza watu weusi. Makeba alipokuwa na siku chache tu tangu kuzaliwa, mama yake alikamatwa, na mtoto akakaa naye gerezani miezi sita. Mtoto huyo alikua akawa mwimbaji anayejulikana dunia nzima. Mwaka 1960, akiwa Marekani, alipata habari kwamba mama yake amekufa. Alipotaka kurudi kumzika, aliambiwa pasi yake ya kusafiria imefutwa. Hakuzika. Mwaka 1963 alisimama mbele ya Umoja wa Mataifa kushtaki utawala wa ubaguzi wa nchi yake. Alikaa nje miaka 30, akarudi nyumbani mwaka 1990.

Wa pili ni Celia Cruz, Mkuba mweusi mwenye sauti iliyojaza uwanja. Yeye aliondoka Kuba mwaka 1960 na orkestra yake kwenda kufanya kazi Meksiko, na hakurudi kuishi chini ya serikali mpya. Mwaka 1962 mama yake alikufa huko Kuba. Aliomba kwenda kumzika, serikali ikamkatalia. Alipofika Kinshasa mwaka 1974 alikuwa amelibeba jambo hilo kwa miaka 12. Mwaka 1990 alipata nafasi ya kukanyaga Guantánamo, kwenye kambi ya Wamarekani iliyo katika kisiwa cha Kuba. Hapo alichukua udongo kidogo akauweka. Alipokufa mwaka 2003, alizikwa na udongo ule.

Fikirini, wamama. Tamasha moja, mji wetu mkuu, wanawake wawili wakubwa kabisa wa muziki wa wakati ule, na kila mmoja ana mama ambaye hakumzika. Mmoja alizuiwa na serikali ya wazungu wabaguzi, mwingine na serikali iliyosema inawakomboa maskini. Watu waliokuwa wakicheza uwanjani hawakulijua hilo, wala haikuwa kazi yao kulijua. Lakini sisi, tukisikiliza habari hii juma lile, tulimtazama mwenzetu mwenye kikwembe cha marehemu. Yeye alisema tu: “Kumbe si mimi peke yangu.”

Hatusemi kwamba kuimba kuliwarudishia mama zao. Jukwaa si kaburi. Tulichokiona ni kwamba hakuna hata mmoja wao aliyehesabu kuwa mambo yamekwisha kwa kuwa njia imefungwa. Mmoja alipeleka kilio chake mbele ya mataifa yote. Mwingine alingoja miaka 28 ili apate udongo wa kushika mkononi.

Na kuna jambo jingine katika kufika kwa Celia Cruz Kinshasa. Ngoma aliyoimbia ilitoka huku. Babu zetu waliotekwa na kuvushwa bahari kama watumwa walifika Kuba na ngoma zao na hatua zao za kucheza. Baadaye, katika miaka ya 30 na 40, santuri za Kikuba ziliingia Léopoldville na Brazzaville. Watu walizisikia wakaona kwamba si ngeni, wakachukua gitaa wakatengeneza rumba yetu. Tarehe 14 Desemba 2021 UNESCO iliandika rumba ya Kongo zote mbili katika urithi wa wanadamu. Kwa hiyo kitu kilichochukuliwa kwa nguvu kilirudi, ingawa kilikawia, na waliokirudisha ni watu ambao hawakuweza kurudi wenyewe.

Wa tatu ni wa kwetu, Abeti Masikini, aliyezaliwa Kisangani. Baba yake, Jean-Pierre Finant, alikuwa kiongozi wa upande wa Lumumba, na aliuawa mwaka 1961. Binti huyo aliyebaki bila baba alikuwa ameimba Olympia ya Paris mwaka 1973, na mwaka uliofuata alisimama kwenye tamasha la Kinshasa, bado kijana, kati ya orkestra za wanaume. Zamani hizo mzazi akiambiwa binti yake anataka kuimba jukwaani, alilia kana kwamba amefiwa. Hata leo wengi wetu tungelia. Abeti alikuwa na kundi lake mwenyewe, yeye ndiye mkubwa wa kundi, na ndani yake aliwafungulia wengine mlango: Mbilia Bel alianzia kwake kabla ya kwenda kwa Tabu Ley. Abeti alikufa Ufaransa tarehe 28 Septemba 1994, siku sita tu baada ya tarehe hii tunayoizungumzia.

Champaign, 1985

Miaka 11 ikapita. Tarehe 22 Septemba 1985, katika mji wa Champaign, jimbo la Illinois, Marekani, watu karibu 80,000 walijaza uwanja wa mpira. Safari hii hawakuja kwa ajili ya ngumi. Walikuja kwa ajili ya wakulima.

Wengi wetu tulishangaa kusikia kwamba mkulima wa Marekani anaweza kuwa na taabu. Lakini shika hesabu yake, utaona inafanana na ya mkopo wa kwetu. Katika miaka ya 70 benki ziliwahimiza wakulima wakope, wanunue mashamba na mashine, kwa sababu bei ya mazao ilikuwa nzuri. Miaka ya 80 ilipofika, riba ilipanda sana, bei ya mazao ikashuka, bei ya mashamba yenyewe ikaanguka. Deni likabaki palepale. Benki zikaanza kuuza mashamba yao kwa mnada, mashamba ambayo familia moja ilikuwa imeyalima tangu enzi za babu.

Mwezi wa Julai mwaka ule kulikuwa na tamasha kubwa la kuchangia wenye njaa wa Ethiopia. Mwimbaji Bob Dylan, akiwa jukwaani, alisema ingefaa fedha kidogo iwasaidie pia wakulima wa Marekani wenye deni la benki. Wengine walimkasirikia. Lakini Willie Nelson, Neil Young na John Mellencamp walilichukua neno lile, na kwa majuma machache tu wakapanga tamasha lililoitwa Farm Aid. Siku ile moja walikusanya zaidi ya dola milioni 7. Fedha hiyo haikuweza kulipa deni la wakulima wote, hata kwa mbali. Ila hawakuacha. Farm Aid imeendelea mwaka baada ya mwaka, na imesaidia wakulima kupata watu wa sheria, washauri, na simu ya kupiga mtu anapokata tamaa.

Kati ya walioimba siku ile alikuwemo Loretta Lynn, binti wa mchimba makaa ya mawe wa Kentucky. Aliolewa akiwa na miaka 15, na alipofika miaka 20 alikuwa tayari na watoto wanne. Mume wake alimnunulia gitaa, naye akajifunza mwenyewe nyumbani, katikati ya watoto na nguo za kufua. Nyimbo zake nyingi ni habari za mwanamke ndani ya nyumba yake: mume mlevi, uchovu, mimba inayofuata mimba. Redio nyingine zilikataa kuzipiga. Wanawake walizinunua.

Na alikuwemo B.B. King, yuleyule aliyepiga gitaa Kinshasa mwaka 1974. Huyu alizaliwa Mississippi mwaka 1925 katika familia iliyolima pamba kwenye shamba la watu. Mama yake alikufa yeye akiwa bado mtoto, akalelewa na mama ya mama yake. Alichuma pamba kwa mikono kabla ya kushika gitaa. Kwa hiyo mtu yule aliyekuja kwetu tukamwona staa wa Marekani, miaka 11 baadaye alisimama mbele ya wakulima wenye deni akiwa mtoto wa mkulima asiyekuwa hata na shamba. Mama mmoja wetu, anayelima mihogo kwa kukodi, alisema huyo ndiye anayemwelewa zaidi ya wote.

Bruxelles, siku ileile

Siku hiyohiyo ya 22 Septemba 1985, wakati Illinois wanaimbia wakulima, katika mji wa Bruxelles alikufa Nicolas Kasanda, ambaye Kongo nzima ilimwita Docteur Nico. Alikuwa na miaka 46.

Wasichana wetu huuliza ni nani. Waambieni hivi: gitaa mnalolisikia kila tarehe 30 Juni, redio inapopiga Indépendance Cha Cha, ni la kwake. Alizaliwa Mikalayi, Kasaï, mwaka 1939. Alisoma ufundi akawa na cheti cha ualimu, lakini vidole vyake vilikuwa vimekwisha kuchagua. Mwaka 1960 alikwenda Bruxelles na Joseph Kabasele na African Jazz wakati viongozi wetu walipokuwa kwenye Meza ya Duara wakijadili uhuru. Kaka yake, Dechaud, alipiga gitaa la pili. Wimbo ule ulivuka mipaka, ukachezwa katika nchi nyingine za Afrika zilizokuwa zinapata uhuru. Kisha alianzisha African Fiesta pamoja na Tabu Ley, baadaye African Fiesta Sukisa. Walimwita Docteur, na wengine walimwita Mungu wa gitaa.

Katikati ya miaka ya 70 kampuni ya Ubelgiji iliyotoa santuri zake ilianguka, naye akajitenga na muziki. Alirekodi tena mara chache tu. Akafia hospitalini, katika mji uleule aliokuwa ameusikilizisha wimbo wa uhuru miaka 25 nyuma.

Tuliposikia mambo haya mawili ya siku moja, tulinyamaza kidogo. Upande mmoja, waimbaji wanakusanya mamilioni kwa ajili ya watu wanaowalisha. Upande mwingine, mtu aliyewachezesha wote anafia mbali na kwao. Hatumlaumu mtu, hatukuwepo. Lakini mama mmoja aliuliza swali linalofaa kila kikundi: wimbo unapokuwa mali ya wote, aliyeutunga ni mtoto wa nani?

Swali hilo lilitugusa kwa sababu tunaye mtu kama huyo. Ni mama mzee wa kikundi chetu, tunayemwita Mama Mukubwa. Yeye ndiye anayetuanzishia nyimbo harusini, matangani, na siku za kulima pamoja. Nyimbo nyingine amezitunga mwenyewe, na watoto wetu wanaziimba shuleni bila kujua zilitoka wapi. Tangu mwaka jana mguu wake unamsumbua, haendi tena soko la mbali, na mchango wake wa sanduku umechelewa miezi mitatu.

Tulivyoamua

Jumanne iliyofuata tulikaa. Wa kwanza kusema alikuwa mama anayeuza makala, na alisema kinyume. Alisema: sanduku jekundu ni dogo. Kwa vita hivi, kila juma kuna simu ya kifo cha mbali. Tukilipa kila kifo tusichoweza kwenda, kabla ya Noeli sanduku litakuwa tupu, na mwenye uchungu wa kuzaa usiku atakosa fedha ya pikipiki ya kumfikisha hospitalini. Maneno yake hayakuwa mabaya. Yeye mwenyewe alizaa usiku, na ni sanduku lile lililomfikisha.

Wa pili akasema tukimnyima huyu kwa sababu ya vita, tutakuwa tumemwadhibu kwa jambo ambalo hakulifanya. Wa tatu akasema kanuni ni kanuni. Sauti zilipanda.

Ndipo Mama Mukubwa akasema kwa upole wake: “Watoto wangu, safari ni njia tu. Kinachofanywa huko ndiyo kazi. Tunakwenda kuzika ili tulie pamoja na watu, tule pamoja, na marehemu atajwe jina. Kama hatuwezi kufika kwake, je, na hayo matatu hayawezekani hapa?”

Mama wa makala alifikiri, akajibu kwamba hayo yanawezekana, tena hayamalizi sanduku. Kutoka hapo tulikwenda haraka. Tuliandika hivi katika daftari:

Kwanza, mwanachama akifiwa na wake mahali pasipofikika, tutafanya matanga ya siku tatu hapa, nyumbani kwake au kwa mwenzake mwenye nafasi.

Pili, sanduku jekundu litatoa robo tu ya fedha ya safari, kwa ajili ya makala na maji. Unga, maharagi, mafuta na chai kila mmoja ataleta anachoweza.

Tatu, kila mwezi kila mmoja ataongeza franka 500 katika bahasha ya pembeni kwa ajili ya matanga haya, ili fedha ya wajawazito isiguswe.

Nne, anayeongoza nyimbo usiku wa matanga amefanya kazi kama aliyeleta unga. Kazi hiyo itaandikwa katika karatasi yake kama mchango wa mwezi.

Hilo la nne lilipendekezwa na mama wa makala, yuleyule. Alisema mtu asiyelala kwa ajili ya wengine amekwisha kulipa. Mama Mukubwa alitaka kukataa, tukamzuia kwa makofi.

Usiku tatu

Matanga yalifanyika. Kikwembe cha marehemu kilitandikwa juu ya mkeka, na pembeni yake tukaweka taa. Usiku wa kwanza tuliimba nyimbo za kanisa, kila dhehebu na zake. Usiku wa pili wenzetu wanaosema lugha ya kijiji chake waliimba za kwao. Usiku wa tatu mwenzetu mwenyewe, ambaye alikuwa hajafungua kinywa, alituambia kuna wimbo mama yake aliuimba akitwanga mihogo, na kwamba sasa huenda ni yeye peke yake anayeujua. Akatufundisha. Ni wimbo mfupi, na kuna mahali pa kupiga kofi ambapo wengi wetu tulipotea, hata yeye akacheka. Sekretere aliuandika katika daftari la kikundi pamoja na jina la mama yake na jina la kijiji.

Kuna jambo moja la kumalizia kuhusu wamama na nyimbo za matanga. Papa Wemba, aliyezaliwa Lubefu, Sankuru, na aliyeangukia jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016 akiwa anaimba, alikuwa mtoto wa mama aliyekuwa mwimbaji wa matangani. Mara nyingi alisema kwamba sauti yake aliipata kwa mama huyo, kwa sababu alifuatana naye penye misiba tangu utoto. Dunia ilimjua mtoto. Mwalimu alikuwa mwanamke aliyekaa chini kwenye mkeka, usiku, kati ya wamama wengine.

Kwa vikundi vingine

Tunajua vikundi vingi vinavyosoma karatasi hii vina wenzetu ambao hawawezi kufika kwao. Tunaomba mkutano wenu ujao mzungumze maswali haya matatu:

Kanuni yenu ya kifo inasema nini juu ya yule ambaye njia imemfungia? Isomeni tena, msingoje simu ipigwe.

Katika kikundi chenu, ni nani anaanzisha nyimbo, na je, kazi yake imeandikwa mahali popote?

Ni nyimbo zipi za mama zenu, za kubembeleza watoto, za kutwanga, za kulima, ambazo zinajulikana na mtu mmoja tu aliyebaki? Kijana mwenye simu anaweza kuzirekodi jioni moja. Hakikisheni jina la aliyetunga, au aliyefundisha, linatajwa mwanzoni mwa kurekodi.

Kidole kimoja hakivunji chawa, wamama. Bahasha yetu ya pembeni, mwezi huu wa kwanza, ina franka 14,000. Ni kidogo, lakini wote 28 tumetoa, na Mama Mukubwa ametoa kwa nyimbo zake. Kikundi kitakachopata kanuni nzuri kuliko yetu kituandikie, tuisome Jumanne.

Tunawatakia juma la amani.